Posa Mbili kwa Mjomba Cuthbert

"Mjomba wako ameshanikubali, Yasinta. Barua ya posa ninayo, na saini yake iko chini."

Petro aliyasema hayo akiwa amesimama uani kwetu, Newala, kitambulisho cha utafiti kimening'inia juu ya shati la kanisani. Jumapili, kitambulisho cha nini? Lakini mtu wa namna ile ukimvua kitambulisho habaki na kitu.

"Mjomba alimkubali Joel tangu mwezi uliopita," nikamwambia.

"Yule mpulizia mikorosho salfa wa kule Mnyambe?" Akacheka. "Muulize mwenyewe."

Nilikuwa nimeshamuuliza mjomba, na jibu lake liliniumiza sana. Mjomba Cuthbert ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na katika ukoo wetu wa Kimakonde binti haolewi mpaka mjomba atamke. Alimkubali Joel mbele ya wazee wawili, kisha akasahau. Petro alipokuja na barua yake, mjomba akaisaini kwa moyo mweupe, akidhani ndiyo posa ya kwanza. Sasa ukoo ulikuwa umeitwa saa kumi ya siku hiyo uamue, na wengi walishampenda mwenye kitambulisho.

Petro alikuja kwetu na timu iliyokuwa ikichunguza jinsi miili ya wazee inavyotumia sukari na mafuta, na kama hilo lina uhusiano na kupoteza kumbukumbu. Kazi nzuri, sikatai. Walimtoa mjomba damu kabla hajanywa chai, wakamuuliza tarehe, wakamtajia maneno matano ayakumbuke. Daktari wao akatueleza kwa upole kwamba huenda ni ugonjwa wa Alzaima, si uzee tu. Petro kazi yake ilikuwa kujaza fomu, basi. Ila ungemsikia anavyolitamka neno utafiti, ungedhani ubongo kaugundua yeye.

Mama Pendo, mke wa mjomba, alikuwa ametunza nakala ya fomu hiyo sandukuni bila kuisoma. Petro alipoondoka nikaitoa, nikaisoma mara mbili. Kisha nikamtumia Joel meseji: "Njoo saa kumi. Usiogope."

Akajibu: "Naogopa, ila nakuja."

Kwenye kikao Petro aliongea kwanza, na aliongea sana. Alipomaliza nikaomba ruhusa kwa wazee.

"Petro, fomu hii uliijaza wewe?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Tusomee hapo mwisho."

Akaisukuma fomu kwangu. Nikawasomea mwenyewe: Jumanne asubuhi, maneno matano, mzee hakukumbuka hata moja. Asitie saini jambo lolote bila ndugu kuwepo. Barua ya posa nayo ilikuwa ya Jumanne hiyohiyo, mchana, Mama Pendo akiwa shambani.

"Asubuhi uliandika kwamba asisaini peke yake, mchana ukamsainisha peke yake," nikasema. "Sasa waambie wazee, mjomba yuko timamu au hayuko? Kama yuko timamu, neno lake kwa Joel lilitangulia. Kama hayuko, hiyo barua yako ni karatasi tu."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda, Yasinta."

"Ulimwona mgonjwa, ukaona mlango wa kupitia. Usiyaite hayo mapenzi."

Mzee Alfredi, mkubwa wa ukoo, akamrudishia barua yake na kumwambia aende. Akaenda, na hata kumuaga yule mzee waliyemtoa damu hakumuaga.

Joel akasogea, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba. Naitwa Joel. Nimekuja kumposa Yasinta."

"Marahaba. Uliwahi kuja?"

"Niliwahi, mjomba. Nimekuja tena."

Mjomba akanigeukia mimi.

"Mwanangu, unamtaka?"

Wazee wote wale walikaa kunigawa tangu saa kumi, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Petro aliyewauliza watu maswali kwa kazi, hilo moja hakuwahi kuliuliza.

"Namtaka, mjomba."

"Basi. Nimekubali."

Tulifunga ndoa Masasi baada ya wiki sita. Asubuhi ya harusi mjomba aliniuliza tena kama namtaka, na tulipotoka kanisani akanishika mkono akaniuliza tena. Nilimjibu kila mara, na kila mara alifurahi upya.