Kondo Ndani ya Friza

Chumba cha panya kilinuka maziwa yaliyooza, na maziwa hayakuwamo. Begaiym alifunua tundu baada ya tundu, asione kitu.

Maabara hiyo ya Bishkek ilichunguza jinsi uzazi unavyougeuza ubongo wa mwanamke na mwenendo wake. Panya waliozaa ndio waliokuwa kielelezo. Begaiym naye alikuwa mzazi, aliyerudi kazini kabla ya arobaini yake kwisha. Kondo la nyuma la mtoto wake, ambalo mama mkwe alitaka lizikwe mahali safi pasipokanyagwa, alikuwa amelificha ndani ya friza ya maabara liwe sampuli. Nyumbani alisema hospitalini wamelitupa.

"Unaisikia harufu hii?" alimwuliza Chynara, mwenzake.

"Naisikia ya kwako. Umevuja tena kifuani, dada. Nenda ukalee, panya hawakukimbii."

Walicheka. Kisha Chynara akanyoosha kidole, kicheko kimemkauka. Panya mama, ambaye jana alikuwa akiwakusanya wanawe kiotani, alikuwa amemshika mmoja kwa mikono miwili, akimtafuna taratibu kuanzia kichwani, na wengine wangali wakimnyonya.

Mchana huo, nyumbani, Begaiym alimpakata binti yake, Aisuluu, akaunusa utosi ambao siku zote ulimlegeza moyo. Moyo haukulegea. Mate yalimjaa mdomoni.

Kesho yake maji yalisikika yakichuruzika chumba cha kuoshea vyombo, na Begaiym alipousukuma mlango alimwona mwanamke uchi aliyempa mgongo, nywele zake za manjano zimegandamana kwa shahamu, maziwa yake marefu ameyatupa nyuma ya mabega yakidondosha mtindi wenye usaha, naye amelizamisha lile kondo karoni akilifikicha kama afuaye nguo, na kila alipolikamua, Begaiym alipotewa na kitu, kwanza uzito wa mtoto mkononi, kisha kilio chake, kisha jina lake.

Chynara, aliyemkuta ameduwaa, hakumwona mwanamke. Aliona nyama ikijigeuza yenyewe majini. Akampigia simu mama mkwe wa Begaiym, Bibi Burul.

Bibi Burul alifika na mzee Toktosun, mfukuza albarsti, yaani jini jike la nywele za manjano linalowavizia wanawake waliojifungua.

"Ulisema wamelitupa," alinong'ona Bibi Burul.

"Nilikudanganya, mama."

"Kwa ajili ya panya?"

Toktosun alichovya karoni kisu kilichoiva motoni. Mvuke ulipanda ukinuka nywele zilizoungua, kitu kikakoroma, naye akalinyakua kondo, jeupe sasa kama utumbo uliochemshwa.

"Ametoka?" Chynara aliuliza.

"Humu ametoka," alisema mzee, akijifuta mikono, asiwatazame.

Walilizika siku ileile mahali safi. Udongo ulipolifunika, jina la mtoto lilimrudia Begaiym kwa kishindo. Alikimbia nyumbani akilia, akafungua vifungo vya blauzi, akamwekea mwanawe ziwa mdomoni.

Aisuluu alilisukuma. Aligeuza uso ukutani pasipokuwa na mtu, akafumba macho, midomo ikifyonza hewa kwa pupa, mpaka tumbo likatuna na kumeza kukasikika chumba kizima. Aliposhiba alicheua kitu kizito kama mtindi, chenye unywele mrefu wa manjano ndani yake, akaulamba, akacheka.