Mkono wa Gwenda Kwenye Kioo cha Pembeni

Clive Thackray alizima injini, akashuka, akamshukuru mkewe kwa kumwelekeza vizuri.

"Leo umenifurahisha," alimwambia. "Mkono umetulia, hukunipayukia, gari limeingia mara moja tu. Ulikuwa umeuficha wapi ujuzi huo?"

Noreen ndiyo kwanza alikuwa anatoka chooni, upande wa pili wa malisho, mikono ingali na maji. Aliliangalia gari lao jipya lililosimama sambamba na ua wa mawe, magurudumu yamenyooka, nyasi hazikuchimbuliwa hata kidogo. Alifungua mdomo aseme kwamba si yeye. Kisha akamwona Beryl Cawood, mwenyekiti wa chama, akimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumtazama nayo.

"Nimejifunza," akasema Noreen.

Uwongo wenyewe ulikuwa mdogo tu, na kama angekuwa mtu mwingine ungeishia hapo hapo. Lakini yeye heshima ile ilimkolea.

Chama chao ni cha wenye magari-nyumba wa kaskazini ya Yorkshire, huko Uingereza, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani. Watu wazima, wengi wamestaafu. Kuanzia Machi hadi Oktoba, wikiendi moja kila mwezi, hujazana kwenye malisho ya mkulima yeyote atakayewavumilia. Saa kumi jioni kila mtu hutoka na kiti chake cha kukunja na kikombe chake, wakaketi duara, wakala keki na kuwasengenya wasiokuwepo. Hiyo ndiyo ratiba iliyoandikwa. Burudani yenyewe hasa ni kuegesha. Mume hukaa kwenye usukani, mke husimama nyuma ya gari na kumwelekeza kwa mikono, na waliotangulia kufika hutoa viti nje mapema ili wasikose chochote. Ndoa za miaka arobaini zimetikisika mbele ya wale watazamaji.

Ya akina Thackray ilitikisika kila mwezi. Noreen alirusha mikono kama anayefukuza nyuki, akapiga kelele kulia akimaanisha kushoto, na Clive, mpole wa watu, aliingia mtaroni, akavunja taa, akang'oa bomba la mkulima. Walinuniana mpaka Jumamosi mchana.

Stadi alikuwa Gwenda Illingworth. Alisimama nyuma ya gari na koti lake la mvua la bluu, pipi ya minti mdomoni kama kawaida yake, akainua mkono mmoja na vidole viwili. Akivikunja, mumewe Desmond alirudi nyuma. Akivinyoosha, alisimama. Hakusema neno. Akimaliza aligonga bodi la gari mara mbili, ngo, ngo, na Desmond alishuka akimtazama mkewe utadhani ndiyo kwanza anamposa.

Miaka kumi na mmoja Noreen aliutazama mtazamo ule kutoka kwenye kiti chake cha kukunja, na miaka kumi na mmoja chai ilimgeukia chungu mdomoni. Alimwonea wivu Gwenda kwa gari lake refu la rangi ya maziwa. Alimwonea wivu kwa lile duara, ambamo watu walimgeukia Gwenda kwanza ndipo wacheke. Lakini kilichomla ni ule mtazamo. Clive alimpenda, hilo alilijua. Alimletea chai kitandani na kumlipia bili. Ila kumtazama vile, hata siku moja.

Novemba Gwenda alikufa ghafla, moyo ulisimama. Februari Desmond akatangaza kwamba anauza gari. Noreen alipiga simu hata kabla ya kumwambia mumewe.

"Gari la marehemu, Noreen?" aliuliza Clive.

"Gari ni gari. Marehemu haendeshi."

Kwa hiyo Machi walifika nalo, na ndipo Clive akamshukuru mkewe kwa kazi ambayo hakuifanya.

Aprili Noreen alihakikisha haendi chooni. Alisimama nyuma ya gari, upande wa kushoto, akaanza kurusha mikono. Clive hakumtazama hata mara moja. Shingo yake ilikuwa imegeukia kioo cha pembeni cha kulia, na gari likaja taratibu, likateleza mahali pake kama droo. Noreen alikuwa ameweka kiganja chake kwenye bodi la nyuma. Chini ya kiganja hicho, bodi liligongwa mara mbili, naye akausikia mtikisiko ukipanda hadi kwenye kiwiko. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya minti na ya koti lililolowa mvua, na siku hiyo jua lilikuwa linawaka.

Ndani, birika likiwa jikoni, alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini, maana kuta za magari hayo ni nyembamba.

"Clive, ulikuwa unamtazama nani?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa kushoto."

Clive alifikiri kidogo. "Basi nilikuona kulia."

"Nilivaa nini?"

"Koti lako la bluu," alisema Clive, na akatabasamu peke yake huku akitafuta vikombe.

Noreen hakuwa na koti la bluu. Mtu mwingine angeogopa papo hapo, akachukua funguo na kulirudisha gari kwa mwenyewe. Noreen aliona wivu kwanza. Hofu ilifuata baadaye sana.

Clive akaanza kubadilika. Alichana nywele kabla ya kushika usukani. Barabarani, hata penye njia iliyonyooka, jicho lilikwenda kwenye kioo cha kulia na kubaki huko. Alianza kupiga rivasi pasipo na sababu: kwenye maegesho ya duka, kwenye kituo cha mafuta, mbele ya nyumba yao wenyewe asubuhi kabla ya kifungua kinywa, akilitoa gari barabarani na kulirudisha, akilitoa na kulirudisha, kisha akakaa na injini inanguruma, ametulia, anakitazama kioo kwa uso laini ambao Noreen, akichungulia kwenye pazia la jikoni, aliutambua mara moja kwa kuwa alikuwa ameusoma miaka kumi na mmoja kwenye uso wa mwanamume mwingine.

Siku moja, saa kumi jioni, wote wawili wakiwa ndani ya gari wanasafisha makabati, bodi la nyuma likagongwa. Ngo, ngo.

"Naam?" akaitika Clive, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kupewa.

"Usiitike," alinong'ona Noreen. "Clive, nakuomba, usiitike."

"Ananiita."

"Nani anakuita?"

Clive alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akarudi kufuta kabati.

Mei walikutana kando ya mto. Clive alirudi nyuma vizuri kabisa, akafika kwenye nafasi yake, akaipita, akaendelea. Beryl ndiye aliyepiga ukelele na kuligonga dirisha kwa kikombe. Gurudumu la nyuma lilibakiza shubiri moja kwenye ukingo, na chini yake maji yalikuwa ya kahawia na yenye kasi.

"Aliniambia njoo," alisema Clive. Hakuwa na hofu hata chembe.

Hapo ndipo hofu ya Noreen ilipofika, na ilifika nzima. Jumatatu mchana alikwenda kwa Mchungaji Aubrey, mzee mstaafu ambaye naye ni mwanachama, mwenye gari-nyumba kuukuu linalovuja. Mchungaji alikuja, akakaa kwenye kochi la Gwenda ndani ya gari, akavuta hewa puani.

"Minti," alisema.

"Ni yeye, Mchungaji. Ni Gwenda. Anataka gari lake, na sasa anamtaka mume wangu."

"Gwenda nilimzika mimi, mama. Alikwenda salama, hana haja na gari wala na Clive, na usinikasirikie nikisema hivyo. Hiki ni kitu kingine. Kimevaa koti lake kwa sababu kimekuona unavyolitazama koti hilo."

Mchungaji hakuwa na jina la kukiita kitu hicho. Huko kwao majina hayo yalishasahauliwa. Sisi tunalo, na msomaji analijua.

"Ulimwonea wivu muda gani?" aliuliza Mchungaji taratibu.

"Kidogo tu."

"Mama."

"Miaka kumi na mmoja."

"Basi kimeshiba muda mrefu," alisema mzee. "Sikiliza. Nitaomba, nitanyunyiza maji, lakini hayo ni nusu. Nusu ni yako. Mwezi ujao simama nyuma ya gari umwelekeze mumeo kwa mkono wako mwenyewe, huo huo mbovu. Rusha mikono, piga kelele, mgombane kama zamani, aingie mtaroni ikibidi. Akikufuata wewe ulivyo, kitu hicho hakitakuwa na pa kusimama."

"Na asiponifuata?"

"Mwendee mlangoni, mng'oe kwenye kiti, fanya lolote. Ila usimwige Gwenda. Ukijivika umbo lake, utakuwa umekialika ndani."

Aliomba, akanyunyiza maji kwenye bodi la nyuma. Kwa wiki tatu hakukugongwa. Clive akaacha kuchana nywele. Asubuhi moja alimletea mkewe chai, akambusu kichwani, na Noreen akalia kwa furaha ndani ya kikombe.

Juni walikutana kwenye malisho yaliyo juu ya machimbo ya zamani ya mawe. Akina Thackray walichelewa. Watu walishaketi duara, na Desmond Illingworth alikuwemo, mara yake ya kwanza tangu msiba, amekonda, ameshika sahani ya keki bila kula.

"Nafasi iliyobaki ni ile ya mwisho tu, karibu na waya wa machimbo," Beryl alimwambia Noreen. "Sipendi, baada ya yale ya mtoni. Ngojeni kidogo, nimwombe mtu ahame mbadilishane."

Lakini Clive alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Noreen alikimbia. Alisimama upande wa kushoto, akarusha mikono yote miwili, akapiga kelele, "Simama! Clive! Kushoto, hapana, kulia, simama!" na kutoka kwenye duara kikasikika kicheko kidogo, kile cha zamani, ambacho zamani kilimchoma na leo angekilipia kisikatike. Gari halikusimama. Alitaka kukimbilia mlangoni kama alivyoagizwa, akapiga hatua mbili, na katika hatua ya pili akakiona kioo cha kulia, na ndani yake uso wa Clive, nywele zimechanwa tena, uliolainika, unaomtazama mtu aliyesimama mahali ambapo nyasi tupu zilikuwa zinalala chini kama zimekanyagwa, na ule mtazamo, mtazamo wenyewe, ambao alikuwa ameungoja tangu ujana wake na ambao aliamini mumewe hana, kumbe anao, kumbe alikuwa nao siku zote, ulikuwa unampita yeye mkewe kama hewa na kwenda kwa koti la bluu. Na harufu ya minti ikamjaa puani, na waya wa machimbo ukaanza kulia kwa kusukumwa na gari, na Noreen, aliyekuwa bado na muda wa kuufikia mlango, hakwenda mlangoni, alisimama wima, akashusha mkono mmoja, akauinua mwingine, akanyoosha vidole viwili.

Gari likasimama.

Macho ya Clive yaliacha kioo cha kulia yakaja cha kushoto, yakamkuta, na mtazamo ule ukamwagika wote juu yake. Angeweza kuushusha mkono hapo. Clive alikuwa amepona. Lakini ulikuwa mtamu, jamani, mtamu kuliko alivyowahi kuuota, na duara zima lilikuwa limenyamaza likimtazama yeye. Akalipungia gari lisogee mbele, akalinyoosha, kisha akakunja vidole, taratibu, na Clive akaja, akaliingiza gari kwenye nafasi yake bila kuchimbua jani. Noreen akagonga bodi mara mbili.

Watu walianza kupiga makofi, wakaacha. Beryl alishika mdomo. Desmond alikuwa amesimama, sahani imemwanguka, anakuja kwenye nyasi kwa hatua za mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Clive alishuka. Alimjia Noreen moja kwa moja, akamshika mkono kwa adabu, kama unavyomshika mtu baki aliyekusaidia njiani.

"Ahsante sana, bibie. Umeniokoa kweli," alisema. Kisha akageuka huku na huku, uso umeanza kupata wasiwasi. "Samahani, umemwona mke wangu? Alikuwa hapa hapa sasa hivi, anapiga kelele. Amevaa sweta ya kijani."

Noreen alijitazama. Sweta ilikuwa ya kijani. Alifungua mdomo amwambie, Clive, ni mimi. Kilichotoka ni kicheko cha chini, cha mwanamke ambaye watu humgeukia kwanza, na pumzi yake ikanukia minti.

"Gwenda?" alinong'ona Desmond nyuma yake.

Ndani kabisa, mahali ambapo mikono na mdomo havikumsikia tena, Noreen alikuwa anapiga kelele kwa sauti yake mbovu, kulia, kushoto, simama, simama, huku mkono wake ukijiweka wenyewe kwenye mkono wa Desmond, na wanachama wakisogeza viti kuwapisha, bila hata mmoja kujua kwa nini anasogea. Clive alikwenda hadi kwenye waya wa machimbo, akainama kutazama chini, akaanza kuliita jina la mkewe.