Kitambulisho cha Kaka

Kila asubuhi Chiriku alifagia chumba, akabandika chai, kisha akamwamsha kaka yake kwa kumvuta kidole gumba cha mguu. Jina la Chiriku alipewa na bibi yao, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Bibi ndiye aliyewalea wote wawili. Sasa alikuwa amelazwa hospitalini, yu mahututi.

Asubuhi hiyo kaka, ambaye alikuwa fundi bomba, alipekua mifuko yote ya suruali yake ya kazi.

"Chiriku, hujaona kitambulisho changu?"

"Sijakiona, kaka."

Uongo mtupu! Kilikuwa ndani ya mkoba wake wa shule. Picha ilimwonyesha kaka amefumba macho, mdomo wazi, kama mtu anayetaka kupiga chafya, na Chiriku alikuwa amewaahidi rafiki zake kwamba leo watacheka mpaka mbavu ziwaume.

"Potelea mbali," kaka alisema. "Hospitali wamenipigia simu. Bibi ananitaka haraka." Akabeba mfuko wake wa spana, akatoka mbio.

Mchana shangazi yao alifika shuleni akihema. "Kaka yako yuko kituo cha polisi! Wanataka kitambulisho, na bibi anamwita tangu asubuhi. Mwanangu, hukukiona kweli?"

Chiriku alifungua mkoba, machozi yanamtiririka.

Kituoni, polisi wa zamu alikitazama kitambulisho, akamtazama kaka. Hakucheka.

"Hatumkamati mtu kwa kutembea tu bila kitambulisho," alisema. "Lakini duka moja karibu na hospitali limevunjwa alfajiri, na mwizi alionekana na mfuko wa vifaa kama huu. Mtu akishukiwa hivyo, sheria yetu inaturuhusu kumtaka ajitambulishe. Jina alilitaja, ila hakuwa na cha kulithibitisha. Pole, kijana. Nenda."

Walikimbia. Walipoingia wodini, kitanda cha bibi kilikuwa kimeshatandikwa upya.

"Poleni sana," muuguzi alisema taratibu. "Ametutoka saa moja iliyopita. Alikuwa akiuliza, 'Mjukuu wangu hajafika?'"

Kaka aliketi sakafuni, akalia kwa kwikwi. Chiriku alisubiri kofi. Halikuja.

"Ni mimi niliyekichukua, kaka. Nilitaka tu tucheke."

"Najua," kaka alijibu, wala hakuinua macho. Ee Mungu, heri angempiga!

Shangazi alimvuta Chiriku kifuani pake. "Kitambulisho si kitu cha kuchezea, mwanangu. Siku ya shida ndicho kinachomsemea mtu."

"Bibi atanisamehe?"

"Bibi alikusamehe kila siku. Lakini kaka yako hakuagana naye, na hilo hakuna wa kumrudishia. Kukichukua ulikuwa utoto. Kosa kubwa ni pale alipokuuliza, ukamficha." Shangazi akafuta machozi yake mwenyewe. "Ukweli wako wa mchana umemtoa kaka kituoni. Ule wa asubuhi ungemfikisha kwa bibi."