Fomu ya Mzee Kasimiri

Kila alasiri Yustina alipotoka shule alipitia kibandani kwa baba yake, Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa. Baba yake, Mzee Kasimiri, alikuwa mchongaji kutoka Newala. Mzee alichonga mpingo kwa tezo na patasi, naye binti akavipiga msasa vinyago mpaka ving'ae.

Siku moja, mwaka mmoja baada ya Muungano, alifika wakala wa bima aitwaye Bwana Fransis, amevaa tai. Aliketi chini ya paa la makuti, akaeleza kwamba kibanda kikiungua, kampuni yake italipa kibanda na vifaa vyote. Akajaza fomu ya Kiingereza kwa mkono wake, maana Mzee Kasimiri hakujua kusoma.

"Yustina, hebu isome kabla sijatia dole gumba," alisema baba. "Wewe uko darasa la sita."

Yustina aliitazama. Maneno mengi hakuyajua, ila aliona haya mbele ya mgeni.

"Iko sawa, Baba," alisema.

Miezi saba baadaye, upepo ulirusha cheche za jiko la jirani hadi kwenye makuti. Watu walikimbilia ndoo, lakini kibanda kiliteketea na kila kilichokuwamo. Mzee Kasimiri, aliyekuwa amelipa ada yake kila mwezi, alipeleka habari kwenye kampuni. Jibu lilikuja kwa barua: hatalipwa chochote, kwa kuwa bima ile ni ya majengo yenye paa la bati tu.

Yustina aliichukua nakala ya fomu, akaazima kamusi shuleni. Kwenye mstari wa nne palikuwa na swali kuhusu paa. Bwana Fransis alikuwa ameandika: bati.

Alimwendea baba yake, akakaa chini. "Baba, siku ile sikuielewa fomu. Nilikudanganya."

"Imeniuma," alisema Mzee Kasimiri. "Lakini aliyeandika bati ni yule bwana. Tutakwenda kumshtaki, na wewe utasoma kila neno."

Yustina hakungoja. Alijua kwamba Mwinshehe, mwenye mkahawa wa jirani, na Anjelina, mshona nguo, nao walikatiwa bima na Bwana Fransis. Aliwaomba hati zao. Zote ziliandikwa bati, na wote wawili walikaa chini ya makuti. Mwalimu wake, Felicitas, akamsaidia kuandika barua ya malalamiko.

"Niandike na kosa langu, Mwalimu?" aliuliza Yustina.

"Liandike. Ukilificha, wakilijua hawataamini na yale mengine."

Yustina na baba yake waliipeleka barua kwa miguu hadi mjini, ofisini kwa kampuni. Karani aliwaambia warudi Jumatatu. Jumatatu meneja hakuwapo. Mara ya tatu Mzee Kasimiri aliketi kwenye benchi la mapokezi, akasema kwa upole, "Leo tutamsubiri hapahapa." Waliitwa saa saba mchana.

Bwana Fransis alikuwa ndani. "Binti yake aliisoma, akasema iko sawa," alijitetea.

"Ni kweli nilisema hivyo, na nilikosa," alijibu Yustina. Akaziweka hati tatu mezani. "Lakini hizi mbili za majirani si mie niliyezisoma. Mwandiko ni mmoja, na mapaa yote ni ya makuti. Tuma mtu Mtoni akaone."

Meneja alizilinganisha, kisha akamgeukia Bwana Fransis, ambaye alikiri kwamba aliandika bati ili auze bima nyingi. Kesho yake mkaguzi alikwenda Mtoni. Baada ya wiki tatu Mzee Kasimiri alilipwa fidia yote, hati za majirani zikaandikwa upya kuwa bima ya paa la makuti, na Bwana Fransis akaachishwa kazi.

Walipokuwa wakichimba mashimo ya nguzo za kibanda kipya, Mzee Kasimiri alipumzika, akajifuta jasho.

"Mwanangu, kusema 'sijaelewa' kunauma mara moja, tena kidogo," alisema. "Ukijifanya umeelewa, wanaumia waliokutegemea. Ulikosa, ukakiri, ukahangaika mpaka mwisho. Sasa nina hakika ukiniambia kitu kiko sawa, kiko sawa."