Kaka Yangu Alinizuia Kupanda Akachukua Mbolea Yangu

Nina umri wa miaka arobaini na sita, mkulima wa karibu na Ahero. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nilijisomea mwenyewe kwa magazeti na vitabu vya kuazima. Nayasema haya ili mjue kwamba aliyedanganywa hakuwa mjinga.

Miaka ya sabini ilipoanza, serikali ilitangaza msaada kwa wakulima wa mahindi. Ulilimiwa shamba kwa trekta kwa nusu ya bei, na baadaye ungepewa mbolea bure. Sharti lilikuwa moja: bwana shamba akija kukagua, akute mahindi yameota. Fungu la asiyepanda angepewa aliyepanda.

Trekta ililima shamba langu mapema. Mbegu zilikuwa ndani ya nyumba. Mvua ikaanza... Kwa nini basi sikupanda?

Kwetu sisi Wajaluo, mdogo haweki mbegu udongoni kabla ya mkubwa wake kuanza. Akitangulia, husemwa ameita kifo nyumbani. Mkubwa wangu ni Odera. Mama yetu ni mmoja, tumelala ngozi moja!

Nilimwendea, akaniambia ng'ombe wake wa kulimia wanaumwa. Nikarudi, akasema mkewe yuko safarini, naye hawezi kupanda bila yeye. Nikarudi tena, akanicheka kwamba nina haraka kama mtu anayefukuzwa na polisi.

Mke wangu Akinyi alikuwa akisimama mlangoni akitazama mvua.

"Baba Atieno," akaniambia, "huyu mtu anakumaliza, na wewe bado unamwamkia."

Nilimkaripia. Nilimwambia asiniletee maneno kati yangu na ndugu yangu... Mungu anisamehe.

Bwana shamba akaja, akakuta magugu matupu, akanikata jina.

Siku ya kugawa mbolea nilikwenda kambi ya chifu kuomba nifikiriwe. Hapo nikasikia Odera akiitwa, na bwana shamba akimsifu mbele ya watu kwa mahindi yake ya Muhoroni, yaliyokuwa yamefika magotini.

Muhoroni! Alikuwa amekodi shamba huko, akapanda kwa siri mvua ya kwanza ilipoanguka. Mkubwa akishaanza, popote pale, mdogo yuko huru. Nilikuwa huru siku zote zile, naye alijua. Magunia yangu yakapakiwa kwenye mkokoteni wake nikitazama.

Nilimuuliza kwa nini. Alijibu huku akikaza kamba.

"Si wewe ndiye msomi, mdogo wangu? Uliniuliza habari za shamba la nyumbani. La Muhoroni hukuuliza."

Watu wakacheka.

Mwaka ule tulilala njaa. Niliuza ng'ombe. Binti yetu Atieno akatoka shule, akaenda mjini kulea watoto wa watu katika mtaa wa Milimani.

Msimu uliofuata nilipanda wa kwanza, mchana, watu wote wakiona. Nilipompelekea mama mahindi mabichi, hakuyagusa. Alisema hawezi kula chakula kilichomtangulia mwanawe mkubwa. Alikufa bila kuonja jasho langu... Na kwenye mazishi, nani aliyelia kwa sauti kuliko sisi sote? Odera! Sijamsamehe, wala sitarajii.

Ndugu zangu mnaosoma, siwaambii mtupe desturi. Wake zenu wakiwaonya, wasikilizeni. Na kabla ya mvua, mwiteni mkubwa wenu mbele ya wazee, aseme waziwazi atapanda lini, na wapi. Akikataa kusema, pandeni.