Kochi Lisilokaliwa

—Mwambie asikalie hiyo.

Mose aliyasema hayo kwa kunong'ona, tumesimama mlangoni mwa jikoni, huku baba yake mzazi akiwa sebuleni ameegemea fimbo, anatafuta mahali pa kujitua.

—Mwambie wewe. Ni baba yako.

—Nyanchera, nielewe. Hiyo kochi ni mpya, na ule mguu unatoa maji.

—Si umeiacha na nailoni yake?

—Hata nailoni inashika harufu.

Nilimtazama mume wangu kuanzia juu hadi chini. Mimi si mwepesi wa kichefuchefu. Nimechinja kuku, nimezoa samadi, nimelea watoto wa dada yangu wakiwa na surua. Lakini mwanamume mzima anayemnyima babake kiti alinitia kinyaa ambacho sikuwahi kukijua.

Nikachukua kigoda changu cha jikoni nikampelekea mzee. Sikumpa mkononi. Nilikiweka sakafuni nikarudi nyuma, kama inavyotakiwa. Mzee Ogoti akakaa pale chini, makochi yamemzunguka pande zote, hakuna hata moja lenye alama ya makalio ya mtu.

—Asante, mwanangu. Hapa panatosha.

Niwaeleze ili msije mkanilaumu bure. Baba mkwe alikuwa ametoka kwao Nyamira, ng'ambo ya Keroka, na kidonda cha sukari kwenye unyayo. Daktari alisema kioshwe kila siku na mtu mwenye subira, la sivyo mguu utakatwa. Mkewe alishafariki. Binti yake Natasha yuko Nairobi. Mtoto wa kiume ni Mose peke yake.

Na mimi? Mimi ni mkamwana. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima ya haya kati ya mtu na wakwe zake. Naweza kumpikia baba mkwe, naweza kumfulia, lakini kumgusa mwili siwezi. Yeye naye sebuleni ataingia, chai atakunywa, ila kulala chini ya paa moja na mimi, hapana. Ndiyo maana tulipohamia Nyanchwa, hapa Kisii mjini, tulichagua nyumba yenye chumba cha nje, chenye mlango wake. Mose mwenyewe alikipaka rangi. Alikuwa akisema, "Hapa ni pa Tata akija." Tata kwetu ni baba.

Nilikwenda kukifungua. Mlango haukufunguka hata nusu. Ndani kulikuwa na friji ya pili kwenye katoni, meza ya vioo, viti vya plastiki, mazulia yaliyoviringishwa na seti za sahani ambazo hazijawahi kuona ugali. Vumbi na mavi ya panya vilinipokea puani.

Nikarudi jikoni.

—Mose, chumba cha wageni kimejaa viti vya wageni, na mgeni hana pa kulala.

—Nitamlipia lojing pale mjini. Atalala vizuri kabisa.

—Na nani atamwosha huko lojing?

—Atajiosha.

—Mzee wa umri ule aukunje mguu hadi auone unyayo wake? Toa vitu, Mose. Toa hata nusu.

—Nitavipeleka wapi? Sabato watu wa kanisa wanakuja kuona nyumba. Natasha ameshaweka picha Facebook, watu wanasubiri video. Mimi nimetoka mbali, Nyanchera. Nililala kwa godoro la chini. Sitaki mtu anicheke tena.

—Nani alikucheka? Mimi nilikuwa kwenye hilo godoro.

Ni kweli nilikuwepo. Chumba kimoja kule Daraja Mbili, sufuria moja, kikombe kimoja tukipokezana chai. Niliposhikwa na taifodi nikatapika hadi kwenye nywele, Mose alinifuta kwa viganja vyake, bila hata kitambaa, akinisimulia vituko vya dukani kwao ili nicheke. Ile mikono ndiyo niliyoipendea. Wasichana wengine walitaka gari, mimi nilitaka mikono ile. Kisha akapandishwa cheo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tangu hapo kila akirudi nyumbani mikono imebeba kitu.

—Na hiyo harufu, akasema Mose, akisahau kunong'ona. —Huisikii? Sebule yote inanuka mguu. Watu wa kanisa watakaa wapi na uvundo huo?

Harufu nilikuwa nimeisikia tangu juzi, kabla mzee hajafika, nikadhani ni bomba la sinki limeziba. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nikachelewa.

—Mose, mzee akaita kutoka sebuleni. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. —Umesema kweli. Mguu unanuka. Niitie boda boda.

—Tata, sikumaanisha...

—Niitie boda boda, mwanangu. Tusichafue kiti cha watu.

Mose akaita. Wallahi aliita. Alisimama langoni akamlipa yule wa boda nauli mpaka steji, akamwambia aendeshe polepole, akaona amefanya wema. Aliporudi alinikuta chumbani nakunja leso.

—Unaenda wapi?

—Nyamira.

—Kwa hasira tu? Na nguo zako?

—Hizi zinatosha. Zingine ni za kabati lako.

—Nyanchera, mimi nafanya haya yote kwa ajili yako.

—Usinisingizie. Kochi sikukuomba. Nikikutazama sasa hivi, Mose, nasikia kutapika. Nipishe mlango.

Alinipisha, na nikamwona akishika kabati la vioo lisije likatikisika.

Kijijini nilifanya niwezalo. Nilichemsha maji nikayatia chumvi, nikaweka beseni mlangoni kwa mzee, nikageuka. Bosire, mzee wa rika lake, alikuja kusaidia, lakini macho ya Bosire yana mtoto wa jicho, alikuwa akiosha kisigino na kuacha kidonda. Kidonda kikaanza kuwa cheusi pembeni. Asubuhi moja nilishindwa kuvumilia.

—Tata, niruhusu nikioshe mimi. Mungu ataelewa.

—Mungu ataelewa. Mimi je? Ukinishika mguu leo, kesho tutatazamana vipi? Niachie hata heshima hiyo, mwanangu. Imebaki hiyo tu.

—Mguu utakatwa.

—Basi ukatwe nikiwa bado baba mkwe wako.

Nilienda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikalia kwa uchungu. Kisha nikachukua simu. Nilikuta ujumbe wa Mose:

"Mke wangu rudi tafadhali. Kesho ni Sabato. Wageni wataniuliza mama wa nyumba yuko wapi. Na vile vikombe vya dhahabu uliweka wapi?"

Nikamjibu:

"Vikombe viko kwa kabati. Baba yako yuko kwa kitanda. Kidonda kimeanza kuwa cheusi. Chagua utaosha nini."

Hakujibu. Nilimchukia usiku kucha.

Sabato jioni simu ikaita. Nilisikia anahema kama mtu aliyetoka kukimbia.

—Nyanchera.

—Sema.

—Haikuwa mguu.

—Nini haikuwa mguu?

—Ile harufu. Watu wa kanisa walikuja. Wakaketi vile viti vya plastiki, wote wameziba pua kwa leso za mkononi. Mke wa mzee wa kanisa akaniuliza kama kuna mgonjwa ndani. Nikasema hapana, alishaenda. Akasema, "Basi inatoka hapo," akaonyesha ile kochi. Nikapasua nailoni mbele yao wote.

Nilimsikia akifungua dirisha, kisha akaendelea.

—Panya alikuwa amezaa ndani ya sponji. Wakafa humo, yeye na watoto wake. Funza, Nyanchera. Funza wakamwagika kwa zulia. Natasha alikuwa amepiga simu ya video, mimi ndiye nilimshikia simu aangalie kutoka Nairobi. Ameona kila kitu.

—Hamkujua kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa hapo.

—Hakuna.

—Ulitapika?

—Nilitapika.

—Basi hivyo ndivyo mimi ninavyokuona wewe tangu siku ile.

Nilidhani atakata simu. Kumbe alianza kulia, kilio kibaya, cha makamasi.

—Nilimfukuza babangu kwa uvundo wa kochi langu.

—Ndiyo. Ulimfukuza. Na kidonda kinazidi.

Sikumwambia pole. Sikuwa nayo.

Jumapili, umande haujakauka kwenye majani ya chai, nilimwona akipanda kilima kwa miguu. Kwetu mtoto hatoki mjini akaingia kwa baba yake hivihivi. Huja na sukari, mkate, hata kama ni robo ya nyama. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua wakimkagua. Mose hakuwa na mfuko, hakuwa na hata gazeti. Alinipita bila kuniangalia usoni, akasimama mlangoni mwa nyumba ya mzee.

—Bwakire, Tata.

—Bwakire. Ni nani?

—Mose.

—Mose wa makochi?

—Hayapo, Tata. Nimeyatoa yote. Chumba cha nje nimekifagia na kukipiga deki. Kina kitanda na taa.

—Mm. Na umekuja na nini?

Mose akainua mikono miwili, akaigeuza. Mzee akaitazama mikono ile. Nilikuwa nimeshika birika la maji moto, nikasimama pale pale. Kama angemfukuza, angekuwa na haki, na mguu ungekwenda.

—Wenye Kiswahili chao husema mkono mtupu haulambwi, mzee akasema.

—Najua, Tata.

—Lakini aliyebeba vitu atashikaje mguu wa mtu? Ingia.

Niliweka birika kizingitini, nikageuka, nikaenda kusimama nyuma ya ukuta, mahali pa mkamwana. Nilisikia bandeji ikibanduka, na harufu ikatoka hadi nje, safari hii ya kidonda kweli. Nilimsikia Mose akikata pumzi. Nikangoja mlango ufunguke, nimwone akikimbilia migombani kutapika.

Mlango haukufunguka. Nilisikia maji, kisha tena maji. Halafu nikamsikia akianza kumsimulia babake jinsi mzee wa kanisa alivyoruka juu ya kiti cha plastiki alipoona funza, na kiti kikavunjika. Mzee alikuwa akiguna kwa maumivu. Kisha akacheka.

Mose alitoka na beseni la maji machafu, akaenda kumwaga mbali, akarudi akasimama mbele yangu na mikono imelowa, hajui aiweke wapi.

—Bado unanionea kinyaa?

—Bado.

—Sana?

—Sana. Kesho utaosha tena, ndipo uniulize.

—Na kesho kutwa?

—Na kesho kutwa.

Nikamwinulia birika. Akakinga viganja, nikammiminia maji yaliyobaki, polepole, mpaka yakaisha. Mikono ilikuwa ingali inanuka. Niliishika hivyo hivyo, nikaipangusia kwenye leso yangu.