Mataa ya Buluu ya BurJuman

"Uko wapi?"

"Sijui, dada. Kibao cha jina kiko upande aliko Swaibu. Nikichungulia ataniona."

Metrine alikibana kidude cha sikioni. Alikuwa Union, stesheni ya chini ya ardhi ya metro ya Dubai, ndani ya sare ya mlinzi. Sare hiyo ilikuwa danganya toto. Bosi wake wa kweli alikuwa Nairobi, idara ya ujasusi.

Angella, mtumishi wa ndani kutoka Uganda, alikuwa amemsikia mgeni wa madam wake huko Al Barsha akipanga kupeleka bunduki Mombasa ndani ya friji za mitumba. Leo alitoroka akiwa na namba ya Metrine, akapanda metro kwa mara ya kwanza maishani. Swaibu, Mganda mwenzake na kijana wa kazi chafu wa yule mgeni, akamfuata.

"Tazama juu. Dari ikoje?"

"Kuna mataa makubwa ya buluu. Yananing'inia kama wanyama wa baharini."

BurJuman. Stesheni moja tu kutoka hapo.

Walioichora reli hii, iliyofunguliwa mwaka 2009, waligawia stesheni zake ardhi, maji, moto na hewa. Kahawia, buluu, nyekundu, kijani. Metrine alizijua dari zote. Majina hakuyaamini tena, maana kampuni ikilipia, stesheni hubandikwa jina jipya. Mwezi uliopita mtumishi mwingine aliyetoroka, Harriet, alimtajia jina la zamani. Kwenye ramani halikuwepo. Walipokuwa bado wanalitafuta, Swaibu alimfikia.

Harriet aliokotwa maiti kwenye bwawa la Hatta.

Metrine aliogopa. Aliogopa kweli kweli.

"Treni ikija, ingia behewa lenye mstari wa pinki sakafuni," alimwambia Angella. "Ni la wanawake. Usitoke."

Simu ya pili ikaingia. Lois, mkuu wake.

"Kitambulisho cha Swaibu ni bandia. Akikaguliwa, kwisha. Tunahitaji jina la chombo chenye friji. Kinang'oa nanga bandari ya Hamriya leo."

"Niripoti polisi?"

"Usithubutu. Madam ameshamshtaki Angella kwa kutoroka. Wataanza na yeye."

Treni ikaingia. Haina dereva, kwa hiyo hakuna wa kuombwa msaada. Milango ya vioo ikafunguka na Metrine akaingia behewa la wanawake.

Angella alikuwa amejibanza kwenye kona. Swaibu alisimama behewa la pili, ncha za viatu vyake zikiugusa mstari. Hakuwa na haraka. Mwanamume akiuvuka anapigwa faini, na faini inataka kitambulisho. Alikuwa akiandika WhatsApp kwenye Samsung yake, akisubiri Angella ashuke.

Metrine alinong'ona kwenye redio, akaomba wakaguzi wawe tayari Al Rigga, stesheni inayofuata. Kisha akamsogelea Swaibu, kama mlinzi anayetaka kumwonya arudi nyuma.

Akamnyakua simu.

Akarudi hatua tatu, ndani ya upande wa wanawake. Skrini ilikuwa bado wazi: *Pakia friji Noor Hala. Msichana namaliza leo.*

Swaibu alibadilika rangi.

"Nyabo, rudisha simu."

"Njoo uichukue."

Miaka sita Dubai, na hakuwahi kuukanyaga mstari ule. Sasa hasira zilimzidi akili. Akaruka, akamkaba Metrine koo, na behewa zima likalipuka kwa Kiarabu, Kitagalogi na Kihindi. Mwanamke mmoja alimtwanga kwa mkoba. Milango ilipofunguka Al Rigga, wakaguzi walimkuta katikati ya wanawake, mikono ikiwa shingoni mwa mlinzi.

"Hawiya," mmoja alisema, mkono mbele.

Swaibu alitoa kitambulisho chake taratibu. Metrine aliwakabidhi simu ikiwa bado wazi.

"Noor Hala," alimwambia Lois. "Friji."

Baada ya dakika chache, yeye na Angella wakiwa kwenye benchi la stesheni, jibu lilikuja. Polisi wa bandari walikuwa wamekizuia chombo. Gari la ubalozi lilikuwa nje.

Angella hakusimama. Walikuwa marafiki na Harriet. Walitoka kijiji kimoja.

"Na yeye mlimtoa hivi hivi, dada? Yuko wapi?"

Metrine alitamani kusema uongo. Angeuweza, ndiyo kazi yake.

"Alinipigia simu," alisema. "Sikumuuliza dari ikoje."

Alimwinua, akamfikisha mpaka kwenye gari, akamfungia mkanda. Halafu akanyoosha kola ya sare, akagonga kadi yake getini na kushuka tena chini. Zamu ilikuwa haijaisha.